Kufanya Biashara kwa Jina la Mwingine: Je, Yakufaa?

Somo: Luka 14:28-30



Katika sharika zetu wako watu wengi siku hizi waulizao habari za biashara. Mmoja amestaafu ualimu na kupokea kiinua mgongo chake. Mwingine ameuza kahawa yake vizuri miaka miwili mfululizo. Mwingine ni mama mjane aliyejiwekea akiba kidogo kidogo katika chama cha wanawake. Wote wataka kazi itakayowalisha na kuwasomesha watoto. Kisha huja mtu mwenye karatasi nzuri zenye picha, awaambia: "Msihangaike kutafuta jina wala njia ya kazi. Sisi tunalo jina lijulikanalo, nanyi mtalitumia. Lipeni, fungueni mlango, wanunuzi watakuja wenyewe." Ndipo wamwendea mwalimu au mchungaji na kumwuliza: Je, nikubali?

Imetupasa kuwa na jibu. Si jibu la kusema "ndiyo" au "siyo" mahali pa mtu mwingine, maana fedha ni zake na nyumba ni yake, bali jibu la kumsaidia kuyapima mambo mwenyewe. Katika Injili ya Luka Bwana wetu asema habari za mtu atakaye kujenga mnara: asipoketi kwanza na kuhesabu gharama, huishia kwenye msingi, na wapitao njia humcheka. Twajua kwamba Bwana alikuwa akifundisha habari ya kumfuata yeye, wala hakufundisha biashara. Lakini aliuchagua mfano ambao kila msikiaji aliujua kuwa kweli: mwenye akili huketi kwanza, ndipo huanza. Nasi na tuketi kwanza.

1. Biashara hii ni nini

Wafanya biashara huiita franchaizi. Sisi katika somo hili tutaiita biashara ya jina la kuazima. Maana yake ni hii: mtu mmoja, au kampuni, ana jina linalojulikana na njia ya kazi iliyokwisha kujaribiwa. Mtu wa pili ana fedha na nguvu, lakini jina hana. Basi hupatana. Wa pili hupewa ruhusa ya kufungua duka au hoteli kwa jina la yule wa kwanza, na kufanya kazi kwa njia yake, kwa muda wa miaka iliyoandikwa. Duka ni la yule wa pili, deni ni lake, na hasara ni yake. Lakini jina, njia na amri hubaki mali ya yule wa kwanza.

Jambo hili si geni duniani. Martha Matilda Harper alizaliwa Kanada mwaka 1857, akapelekwa kuwa mtumishi wa nyumbani angali mtoto. Mwaka 1888 alifungua duka la kutunza nywele katika mji wa Rochester, Marekani, kwa akiba ya utumishi wake. Tangu mwaka 1891 aliwapa wanawake wengine ruhusa ya kufungua maduka kwa jina lake na kwa njia yake, na wengi wa wale wa kwanza walikuwa watumishi maskini kama alivyokuwa yeye. Baadaye maduka hayo yalifika 500 hivi. Twamtaja huyu kwanza, msomaji asije akadhani kwamba biashara ya namna hii ni hila tangu mwanzo wake. Imewainua watu wanyonge.

Kwetu pia iko. Mtu anywapo soda ya Coca-Cola huko Moshi, hanywi kitu kilichojazwa Marekani. Chupa ile imejazwa papo hapo Moshi na kampuni ya Bonite, iliyopewa ruhusa ya kulitumia jina hilo. Desturi ya kuwapa wengine haki ya kujaza chupa ilianza mwaka 1899, kampuni ya Coca-Cola ilipowauzia mawakili wawili wa mji wa Chattanooga haki hiyo kwa dola 1 tu. Na huko Nairobi hoteli ya kwanza ya KFC ilifunguliwa mwaka 2011 kwa mapatano ya namna hiyo hiyo.

Tena biashara hii ina ndugu yake mdogo tumjuaye sote, ndio uwakala wa fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008. Wakala wa simu hakulinunua jina kwa bei kubwa. Lakini naye amesimama chini ya jina lisilo lake, rangi ya kibanda hakuichagua yeye, na ada ya kutoa fedha hakuipanga yeye. Kwa hiyo mambo mengi tutakayoyasema yamhusu yeye pia.

Lakini na tutenge jambo moja lisilo biashara hata kidogo. Wako watu waitao "biashara" kitu ambacho faida yake hutoka katika viingilio vya wale wajao nyuma. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliusimamisha mchezo wa DECI, uliowaalika watu kupanda fedha na kuvuna. Wengi walipoteza akiba zao, na maneno ya kanisani yalitumika kuwavuta. Dalili ya kuvitambua hivi viwili ni moja. Uliza: fedha zatoka wapi? Zikitoka kwa mnunuzi wa mkate, wa dawa au wa soda, hiyo yaweza kuwa biashara. Zikitoka kwa jirani utakayemwingiza nyuma yako, hiyo ni mtego, nawe utakuwa chambo chake. Usiingie, wala usimwingize mtu.

2. Kitu unachonunua

Yafaa tuseme kwa haki mema yaliyomo. Mtu aanzaye duka lake peke yake hujifunza kwa makosa, na kila kosa hulipa kwa fedha yake. Mtu achukuaye jina la mwingine hununua mafunzo ya wengine waliokwisha kukosea kabla yake. Hufundishwa namna ya kupima unga, kuandika hesabu, kuajiri watu, kusafisha vyombo. Mnunuzi aingiapo hana shaka, kwa kuwa jina lile amelijua tangu mji mwingine. Tena wafanya biashara wengi wakinunua vitu pamoja, huweza kupata bei nafuu kuliko mtu mmoja.

Haya si madogo. Lakini na tuangalie sana: kitu kilichonunuliwa ni ruhusa, tena ni ruhusa ya muda. Katika Marekani mapatano ya McDonald's kwa kawaida ni ya miaka 20, na ada ya kuingia tu imekuwa dola 45,000, mbali na gharama ya jengo na vyombo. Miaka ikiisha, mwenye jina aweza kukataa kuongeza mingine kwa kadiri mapatano yalivyoandikwa. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Haisitiri, kwa sababu mwenyewe aweza kuidai. Basi atakaye kumwachia mwanawe urithi na aulize mapema: Je, nitamwachia nini? Pengine ni meza na viti tu, na jengo lililopakwa rangi za mtu mwingine.

Kwa hiyo twaweka mbele yenu vipimo vitatu. Atakaye kuingia na ajipime kwa vyote vitatu, wala asitosheke na kimoja.

3. Kipimo cha kwanza: hesabu

Wengi huuliza, "Ada ya kuingia ni kiasi gani?" Swali hilo ni jema, lakini si lile kubwa. Ada hulipwa mara moja. Kiwalemeacho watu ni mrabaha, yaani fungu alipwalo mwenye jina kila mwezi au kila juma. Mara nyingi fungu hili huhesabiwa katika mauzo, si katika faida. Tofauti ya maneno haya mawili imewaangusha watu wengi, kwa hiyo tutaieleza kwa mfano.

Tuseme hoteli ndogo yauza chakula cha shilingi 10,000,000 kwa mwezi. Nyama, unga na mafuta hugharimu 4,500,000. Mishahara ni 1,800,000. Pango ni 1,500,000. Umeme, gesi, maji na usafiri ni 900,000. Leseni, kodi na matengenezo ni 500,000. Jumla ni 9,200,000, nazo zabaki 800,000. Mwenye hoteli hiyo, kama jina ni lake, aenda nyumbani akishukuru. Lakini kama jina ni la kuazima, na mapatano yasema alipe mrabaha wa 6 kwa 100 ya mauzo, na tena 4 kwa 100 kwa ajili ya matangazo, basi atalipa 1,000,000. Hoteli ile ile, kwa watu wale wale na jasho lile lile, imepata hasara ya shilingi 200,000. Mwenye jina amepata fungu lake lote, wala hakukosea hesabu, ndivyo ilivyoandikwa. Ili jina lile likufae, sharti likuletee wanunuzi wengi kuliko wale ambao ungewapata bila jina, hata faida ya wale wa ziada ipite mrabaha wote. Hili ndilo swali kubwa la hesabu.

Iko njia nyingine ambayo mwenye jina hupata fedha, nayo ni kukuuzia vitu. Mapatano mengi huamuru kwamba vitu vinunuliwe kwake au kwa watu aliowakubali yeye. Katika Marekani kampuni ya Quiznos, iliyouza mikate yenye nyama, ilikuwa na maduka karibu 5,000 mwaka 2007. Wengi wa wenye maduka walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba walilazimishwa kununua vyakula kwa bei ya juu mno, hata faida ikaisha. Maduka yalifungwa kwa maelfu, na mwezi wa Machi 2014 kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kuwa madeni yameishinda. Jina lilikuwa kubwa, lakini ukubwa wake haukuwaokoa waliolibeba.

Wakala wa simu naye ana hesabu yake. Sharti awe na mifuko miwili: fedha taslimu mkononi, na floti ndani ya simu. Siku ya mishahara watu wote huja kutoa. Fedha taslimu zaisha, na floti yajaa. Siku ya ada za shule watu huja kuweka. Floti yaisha, na sanduku lajaa noti. Akiwa na mtaji wa 1,000,000, kazi yake husimama mara nyingi kwa siku, na kila isimamapo mteja aenda kibanda cha pili. Faida yake ni kamisheni ndogo ndogo, nayo hulipwa na kampuni. Tena mambo yaweza kubadilika juu yake na juu ya kampuni pia. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya serikali juu ya miamala ya simu ilianza Tanzania. Watu walilalamika sana, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule ilipunguzwa kwa 30 kwa 100. Wakala hakuwa na neno katika lile la kwanza wala la pili.

Kwa hiyo twasema: andika yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mauzo ya miezi mibaya, si ya miezi mizuri tu. Andika riba ya mkopo. Andika mshahara wako mwenyewe, maana mtu afanyaye kazi saa 14 kwa siku bila mshahara, akasema "nimepata faida," amejidanganya.

4. Kuhusu dhamana na kihamba

Hapa twaomba msome polepole.

Mapatano mengi ya namna hii humtaka mtu ajidhamini mwenyewe, yaani deni la duka likishindikana, lidaiwe katika mali yake ya nyumbani. Mara nyingine humtaka mkewe, kaka yake au rafiki yake aweke sahihi ya dhamana. Kitabu cha Mithali chaonya juu ya jambo hili si mara moja (Mithali 6:1-5, 22:26-27). Martin Luther naye, katika maandiko yake ya mwaka 1524 juu ya biashara na riba, aliwaonya Wakristo juu ya kumdhamini mtu: mwenye kudhamini huiweka rehani kesho, na kesho si mali yake bali ni ya Mungu.

Iko tofauti kubwa kati ya kupoteza akiba na kupoteza kihamba. Akiba ikipotea, mtu huumia, kisha huanza tena. Kihamba kikipotea, wamepoteza na wale wasioulizwa: mama mzee alalaye katika nyumba ile, watoto wasiojua kuandika, na wale waliozikwa chini ya migomba. Nabothi alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake (1 Wafalme 21). Kama yeye alikataa mbele ya mfalme, si haya kwa Mkristo kukataa mbele ya mwuza jina. Waswahili wasema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena nyumba haina mtu mmoja. Katika Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Nasi twasema kwamba hata pasipo sheria, Mkristo hawezi kutia sahihi usiku na kumwambia mkewe asubuhi. Mume na mke na wakae pamoja, wazisome karatasi pamoja, na mmoja akisema "ninaogopa," hofu yake isikilizwe. Pengine ndiyo sauti ya hesabu.

Basi kanuni yetu ni hii: leta katika biashara hii kiasi kile ambacho, kikipotea chote, watoto wako bado watakula, watalala ndani, na watakwenda shule. Kikizidi hapo, ngoja.

5. Kipimo cha pili: utii

Wengi hutaka biashara ili wasiwe na bwana. Mwalimu asema, "Nimetii wakaguzi miaka 30, sasa nataka kuwa mkuu wangu mwenyewe." Huyu na ajue kwamba katika biashara ya jina la kuazima hatakuwa mkuu wake mwenyewe. Atakuwa mwenye mali aliye chini ya amri. Kitabu cha masharti kitamwambia saa ya kufungua, nguo za watumishi, uzito wa kipande cha nyama na rangi ya ukuta. Wakaguzi watakuja tena.

Mfano wa jambo hili ulionekana Kenya mwanzoni mwa mwaka 2022. Hoteli za KFC ziliishiwa na viazi vya kukaanga, kwa kuwa viazi vilivyoagizwa kutoka nje ya nchi vilicheleweshwa baharini. Watu walistaajabu na kukasirika, maana viazi vilikuwa vimejaa katika mashamba ya Kenya yenyewe. Lakini masharti ya jina yalitaka viazi vinunuliwe kwa watu waliokwisha kukaguliwa na kukubaliwa tu. Baada ya makelele hayo kampuni iliahidi kuwatafuta wakulima wa nchini. Hatusemi kwamba sharti lile lilikuwa baya. Jina hulindwa kwa masharti. Twasema hivi tu: mwenye hoteli aweza kuona viazi vya jirani yake kwa macho, na mteja amesimama mbele yake ana njaa, wala asiwe na ruhusa ya kuvinunua.

Je, wewe waweza kuishi hivyo bila kunung'unika na bila kudanganya? Wako watu waliopewa na Mungu akili ya kubuni. Wakiona njia mbili hutafuta ya tatu. Hao wakifungwa na kitabu cha masharti huugua moyoni, kisha huanza kuiba njia: hununua mafuta mengine kwa siri, huficha mauzo ili kupunguza mrabaha. Hata katika uwakala wa simu wamekuwako waliogawanya fedha za mteja mmoja mara mbili ili wapate kamisheni mbili. Hilo ni kosa juu ya amri ya 7, ijapokuwa aliyeibiwa ni kampuni tajiri. Mtu wa namna hiyo si mbaya. Mahali pake si hapo. Na aanze duka dogo kwa jina lake.

Wako wengine waliopewa uaminifu wa kufuata kazi iliyopangwa, siku kwa siku, bila kuchoka. Hao hufaulu mahali ambapo wenye akili nyingi hushindwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama si aibu, mradi mtu ajue kabla ya kutia sahihi kwamba atainama.

6. Kipimo cha tatu: dhamiri

Utii kwa mwenye jina una mpaka, kwa kuwa Mkristo ana Bwana mwingine. Basi na aulize mapema mambo matatu.

La kwanza, siku ya Bwana. Mapatano mengi huamuru mlango uwe wazi siku 7. Huko Marekani iko kampuni iitwayo Chick-fil-A, iliyotokana na hoteli ambayo Truett Cathy aliifungua mwaka 1946 huko Georgia; nayo hufunga milango yake yote siku ya Jumapili. Lakini tuangalie vema: huko nako ni amri ya mwenye jina. Akipenda hufunga, akipenda hufungua, nawe hutaulizwa. Kama umepewa sharti la kufungua, je, waweza kupanga zamu ili wewe na watumishi wako mpate kuisikia Injili? Kama haiwezekani, umekwisha kupata jibu lako.

La pili, bidhaa. Je, utalazimishwa kuuza kitu ambacho wewe mwenyewe wamwonya mwanao asikiguse? Usiseme, "Si mimi, ni kampuni." Mkono utakaoupokea ule ulevi juu ya meza na kumpa kijana ni mkono wako.

La tatu, watumishi. Mwenye jina hulipwa katika mauzo, mwenye nyumba hudai pango, benki hudai mkopo. Mwezi mbaya ufikapo, ni nani atakayengojeshwa? Mara nyingi ni yule aoshaye vyombo, kwa kuwa hana mwanasheria. Yakobo asema kwamba mshahara uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika mbele za Mungu (Yakobo 5:4). Kama hesabu yako husimama tu kwa kumpunja mtumishi, hesabu hiyo imekwisha kuanguka.

7. Kabla ya kutia sahihi

Katika Marekani serikali iliweka kanuni mwaka 1978: mwenye jina ampe mtu maandishi ya mambo yote makubwa ya biashara, na siku hizi hayo yana vifungu 23. Ampe siku 14 kamili kabla ya kutia sahihi au kulipa chochote. Ndani yake sharti zitajwe ada zote, kesi za mahakamani, na majina ya watu walio kazini na ya waliotoka. Afrika ya Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2008 ya kuwalinda wanunuzi, humpa mtu aliyetia sahihi siku 10 za kazi ili aweze kujitoa bila adhabu. Kwetu Tanzania mapatano hufuata sheria ya jumla ya mikataba. Kwa hiyo usitegemee ngao usiyoiona. Jitengenezee mwenyewe siku zako 14. Mwuzaji akikuambia, "Nafasi itapotea kesho," mwache aipoteze.

Katika siku hizo fanya haya:

Nenda ukawaone watu watatu walio katika biashara hiyo, na wengine wawili waliotoka. Wale wa kwanza watakuambia faida. Wale wa pili watakuambia kwa nini. Usiende pamoja na mwuzaji.

Simama mbele ya duka lao siku ya kawaida, uwahesabu waingiao tangu asubuhi hata jioni.

Mpe mwanasheria mapatano yote ayasome, umlipe wewe, asiwe mtu wa mwenye jina. Mwulize: Eneo langu lina mpaka, au wataweza kumfungulia mwingine ng'ambo ya barabara? Nikitaka kutoka, nitatokaje? Baada ya kutoka, nitakatazwa kufanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingapi? Kesi itaamuliwa wapi, hapa kwetu au ng'ambo?

Kama hujawahi kufanya biashara yo yote, omba kufanya kazi miezi 6 katika duka la mwingine, hata kama ni kufagia. Au anza na kibanda kidogo cha uwakala kwa mtaji usiouma. Hapo utajifunza kama waweza kuamka mapema, kuandika daftari, na kumwambia ndugu yako, "Fedha hizi si zangu, sikukopeshi." Asiyeweza neno hilo la mwisho, asifungue duka la jina lo lote.

8. Neno kwa walimu na wazee wa usharika

Msikubali madhabahu itumiwe kutangaza biashara ya mtu, wala msipokee kamisheni kwa kuwaleta washarika. Mtu akiwauliza, ketini naye na daftari, mwulizeni vipimo vyote vitatu, mwombe pamoja naye, kisha mmwache aamue. Na yule aliyekwisha kuanguka msimcheke. Wapitao njia humcheka aliyeshindwa kumaliza mnara, lakini kanisa halikuitwa kuwa miongoni mwa wapitao njia. Mwendeeni, msaidieni kupanga madeni yake, wala kiti chake kanisani kisibaki kitupu kwa sababu ya haya.

Nasi sote na tukumbuke kwamba tumepewa Jina moja tusilolinunua. Tulilipokea katika ubatizo, bila ada na bila mrabaha, na mwenye Jina hilo alilipa gharama yote mwenyewe. Mtu aliye na Jina hilo aweza kufungua duka kwa jina la kuazima, aweza pia kukataa, na katika yote mawili asiwe mtumwa wa mtu.

Maswali ya kujifunza nyumbani na katika mikutano

1. Mrabaha uhesabiwao katika mauzo watofautianaje na ule uhesabiwao katika faida? Tumieni mfano wa hoteli mkaonyeshe.

2. Mke asema anaogopa, mume asema nafasi itapotea. Mwalimu awaambie nini?

3. Je, tabia yako ni ya mtu abuniye, au ya mtu afuataye yaliyopangwa? Waulize wale wakujuao, usijijibu mwenyewe.

4. Ni sharti gani katika mapatano litakalokulazimu kukataa, hata kama hesabu ni njema?

5. Katika usharika wenu yuko aliyeanguka katika biashara? Nani atakwenda kumwona juma hili?